Senene Si Nyama

Jumapili, 9 Novemba

Leo ni siku ya akina baba huku Uswidi. Nimeletewa keki. Ya kijani, laini, ina ua la waridi juu. Nilikuwa nimemaliza vipande viwili ndipo Rebecka akaniambia haina yai wala maziwa. Nikajiona nimetapeliwa, ingawa sikuweza kusema nimetapeliwa nini. Nikala cha tatu kwa uchunguzi.

Ningenyamaza hapo, siku ingeisha salama. Sikunyamaza. Nikasema Desemba twende wote Bukoba, Bibi yake ana miaka themanini na sita na miaka hairudi nyuma. Rebecka akaweka uma chini.

Maelezo, kwa faida yangu nikija kuyasoma haya uzeeni: binti yangu ana miaka ishirini na sita na ni vegan. Hali nyama, hali samaki, hali yai, hanywi maziwa. Hata asali! (Niliwahi kumwuliza nyuki wamelalamika kwa nani.) Safari yake ya mwisho Bukoba alikuwa na miaka kumi na saba, na uvegan wake ulikuwa na miezi miwili. Shangazi zake walimchinjia mbuzi. Kwa heshima! Akalia. Wao wakalia kwa kuwa amelia. Mimi, kuokoa jahazi, nikawatangazia wote kwamba mtoto ana minyoo, yuko kwenye dawa. Kilikuwa kichekesho kizuri sana. Shangazi walicheka mpaka wakashikilia mlango. Leo nimegundua kwamba mtu mmoja hakucheka, na kwamba amekihifadhi kichekesho hicho miaka tisa bila friji.

Akaniambia sharti. Kwa Kiswidi, huanza kwa Kiswahili, lakini akikasirika huhamia Kiswidi kama mtu anayebadilisha viatu ili akimbie vizuri. Wiki moja, kuanzia kesho, nile kama yeye. Na kila siku mlo mmoja niule nje, kwa sababu nyumbani Mama atanipikia na nitajiona shujaa. Yeye taabu yake iko huko nje. Kila sahani niipige picha nimtumie. Nikiweza, atakwenda Bukoba. Nikishindwa, nisimtajie tena Bukoba mpaka aitaje mwenyewe.

Nikacheka. Nikamwambia mimi ni Mhaya, nimekua kwa ndizi na maharage, wiki moja ni kitu gani! Mke wangu Gaudiosa, muuguzi, mtu wa maneno machache na yote ya sindano, akasema kutoka jikoni kwamba juzi tu amenikuta nakula soseji mbele ya friji iliyo wazi, na viatu sijavua. Kwa hiyo yeye begi la safari hatalishusha kabatini kwanza.

Kuna jambo moja sikulisema mezani. Ijumaa shemeji Thomas alirudi kutoka likizo Bukoba na makopo mawili ya senene, wadudu wetu watamu wa kukaanga. Wa kwanza wa msimu huu! Wamekaangwa na mama yangu mwenyewe. Kopo moja letu. Hilo lilikwisha jana saa nne asubuhi, sijui lilikwishaje. La pili lina plasta nyeupe, na juu ya plasta, kwa kalamu: REBECKA. ALE YEYE. BIBI.

Nimelisukuma ndani kabisa ya friza, nyuma ya mchicha. Kwa huruma! Mtoto aliyemlilia mbuzi mmoja, nitamkabidhije kopo lenye marehemu mia nne?

Jumatatu, 10 Novemba

Nimeanza vizuri mno. Tulikuwa Hjulsta, mimi na Melchior, kwenye lifti iliyokwama. (Sisi ni mafundi wa lifti. Mimi mwaka wa ishirini na nane, yeye wa kumi na tisa, na bado anajifanya ananifundisha.) Karibu na kituo cha treni kuna jamaa anauza falafeli. Dengu zilizokaangwa, mboga, mkate. Nikamwambia asiweke ule mchuzi mweupe. Nikala mbili, nikatuma picha. Rebecka akajibu kwa kidole gumba. Nikafikiri: kumbe ndiyo hii tu?

Kisha pigo. Melchior akanijulisha, huku akijifuta mdomo taratibu, kwamba jana Rebecka alimpigia simu na kumteua msimamizi. Msimamizi! Mrundi wa Fisksätra kwenye jambo la familia ya Kihaya! Akasema, "Muzee, mimi sitaki maneno na wewe. Lakini mutoto ameniomba na heshima."

Melchior simchukii. Ila mwezi wa saba alipeleka watoto wake Bujumbura, na sasa picha ya Gaël, mkubwa wao, akikumbatiwa na bibi yake, ndiyo iko kwenye uso wa simu. Mkononi ana saa nzuri tu. Lakini kila dakika kumi anatoa simu kutazama ni saa ngapi, na akishaitazama anaielekeza kwangu, nisije nikakosa.

Na chakula chake! Kila siku kontena la maharage na sombe, yaani kisamvu chao, bila kipande cha nyama. Nikamwuliza kama naye ni vegan. Akasema hapana, ni presha tu, na mke wake Colombe.

Jumanne, 11 Novemba

Kazi katikati ya mji. Mchana tukaingia mkahawa wa kujipakulia. Nikamwuliza mhudumu viazi vya kuponda vina maziwa? Vina. Mchuzi wa uyoga? Krimu. Supu ya karoti? Siagi. Mkate je? Akaenda jikoni kuuliza. Akakaa huko. Nyuma yangu foleni ikaingia kile kimya cha Kiswidi, kimya cha watu kumi na wawili wanaokulaani kwa adabu. Akarudi: mkate una maziwa ya unga. Kabichi? Kabichi ni salama.

Nikala kabichi. Sahani tatu. Rebecka akaniandikia, "Karibu ulimwenguni kwangu, Baba." Kwa Kiswahili. Nikaisoma mara mbili.

Saa tisa tumbo likaanza kutoa hotuba, na mimi nikakumbuka makande ya bwenini. Jamani tuliyachukia! Maharage yalikuwa na wadudu, tukawa tunawapanga pembeni ya sahani, mwenye wengi anaitwa tajiri. Sasa nafikiri: mahindi, maharage, maji, chumvi. Nilikuwa vegan miaka minne mizima, ukiondoa wale wadudu, na hakuna aliyeniteulia msimamizi. Kijiko changu kilikuwa na tundu kwenye mpini, nilikifunga kwa uzi shingoni kisiibiwe. Ningetoa nini leo kwa kijiko kile na sahani moja ya yale makande, ya moto, yenye moshi!

Jioni Gaudiosa alikuwa zamu. Nikafungua friza kuhakikisha mchicha upo. Upo. Kopo nalo lipo. Nikalitikisa tu. Sauti ile! Manyunyu kwenye majani makavu ya mgomba. Nikafungua ninuse. Kunusa si kula.

Nilikula kumi na wanne.

Jumatano, 12 Novemba

Safari ya kikazi Västerås. Tulitoka bila kifungua kinywa. Kwenye treni nikaenda behewa la mkahawa: mkate wa nyama, mkate wa samaki, mkate wa jibini. Wa vegan upo kwenye orodha, umekwisha. Mama muuzaji akanionea huruma: kuna karanga na kuna ndizi. Karanga nazo zilikuwa na asali.

Ndizi! Mimi, mtoto wa Bukoba, ninunue ndizi moja, ya njano, yenye kibandiko, kama dawa! Nikainunua. Nikaila polepole nikitazama mashamba meusi ya Novemba yakipita, na nikamwona Baba akikata mkungu, maji ya mvua yaliyojikusanya kwenye majani ya mgomba yakimwagika yote shingoni mwake, naye anapiga yowe lilelile kila siku kana kwamba hajawahi kumwagikiwa. Kwetu hakuna aliyehesabu ndizi mojamoja. Ningemwambia Baba nimenunua moja, angeuliza kama naumwa.

Melchior akafungua kontena lake. Akaniuliza kama harufu inanisumbua. Nikasema harufu gani.

Nikaenda chooni. (Nilikuwa nimehamishia kiasi kidogo kwenye kikasha cha miwani. Kwa dharura.) Na humo, ndani ya choo cha treni, nikatafakari sana mambo ya dini. Utotoni Ijumaa hatukula nyama. Senene walipoanguka siku ya Ijumaa, watu walikwenda kwa katekista Anicet kuuliza. Akatoa hukumu amesimama mlangoni kwake, midomo ikimeta mafuta: senene hana damu, kwa hiyo si nyama. Kijiji kizima kikapumua. Sasa, kama Ijumaa ilikubalika mbele ya Mungu, Jumatano mbele ya Rebecka ina tatizo gani?

Nikatoka nimetulia rohoni. Melchior akasema nina kitu kwenye jino. Nikasema ni ganda la ndizi.

Alhamisi, 13 Novemba

Alhamisi mikahawa yote ya hapa hupika supu ya njegere. Njegere! Niliingia kifua mbele. Nimeila supu hii kila Alhamisi kwa miaka thelathini na mitatu, na nguruwe aliyemo nimemzoea kiasi kwamba nilikuwa namhesabu pamoja na chumvi. Kijiko cha tatu tukakutana. Nilimeza kabla akili haijafika. Kosa si langu, ni la koo.

Nikaipiga picha sahani kutoka upande usio na nguruwe. Melchior alikuwa amekwenda kunawa. Mungu mkubwa.

Furaha haikufika hata jioni. Saa nane niliteremka peke yangu kwenye shimo la lifti, nikaketi, nikafungua kikasha cha miwani. Shimo la lifti linabeba sauti. Fundi wa miaka ishirini na nane, nilisahau! Kru, kru, kru, mpaka ghorofa ya tisa. Tochi ikamulika kutoka juu. Melchior akauliza natafuna nini. Nikasema pipi. Akateremka. Akachungulia ndani ya kikasha. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Muzee! Unakula panzi?"

Nikamwelewesha. Ni senene, panzi ni mtu mwingine. Nikamweleza habari za katekista. Nikamweleza habari za damu. Alinisikiliza kama hakimu, mikono nyuma, kisha akasema maneno haya, nayaandika kama yalivyo: "Kitu yenye iko na magoti ni nyama."

Tukaafikiana. Yeye hatasema kitu kwa Rebecka. Mimi mpaka mwisho wa mwezi nabeba masanduku ya vifaa, langu na lake. Wasiojua kazi yetu wataona ni jambo dogo. Lifti ikifa, fundi wa lifti hupanda ngazi.

Ijumaa, 14 Novemba

Ghorofa tisa, mara nne, masanduku mawili. Magoti yangu yote yamethibitisha kwamba mimi ni nyama.

Mchana Melchior, sijui ni kwa huruma au kwa dharau, akanipeleka kwenye mkahawa mdogo wa Waethiopia. Nikaanza maswali yangu: siagi, maziwa, yai. Mama mwenye mkahawa akaniinulia mkono ninyamaze. Leo Ijumaa, akasema, wao wanafunga. Hakuna kitu cha mnyama kwenye sufuria hata moja, na ndivyo ilivyokuwa tangu kwa bibi wa bibi yake. Akatuletea sinia moja. Dengu nyekundu, dengu za njano, kabichi na karoti, mboga za majani, vyote vimepangwa juu ya mkate mpana mchachu. Tukala kwa mikono, sinia moja, mimi na Melchior. Kwa dakika ishirini hakutazama simu.

Nilishiba mpaka nikawa na huzuni. Kula kwa mkono kutoka chombo kimoja kunanirudisha mbali. Asubuhi za Novemba tulitoka kabla ya shule, mimi na kaka zangu, majani yana umande, senene wamezubaa kwa baridi. Unaokota tu, kama nguo zilizoanguka kambani. Tunajaza vyombo, tunarudi mbio tunapiga kelele, tunamwaga kwenye ungo mbele ya Mama, tunakwenda zetu shule. Tukirudi, wote wameshanyonyolewa mabawa na miguu, mamia kwa mamia, na vidole vya Mama ni vya kijani hadi kwenye kucha. Tunakula na Baba, wa moto, wana chumvi.

Tangu mchana najiuliza: wakati ule Mama alikuwa anakaa wapi? Sikumbuki. Naukumbuka ungo.

Jumamosi, 15 Novemba

Sherehe Upplands Väsby. Shemeji Thomas ametimiza miaka sitini. Ukumbi umejaa, Watanzania, Wakenya, Warundi, Wakongo, na meza ya chakula ndefu kama jukwaa la treni. Mpishi ni Wamaitha, Mkenya, mkono wake unajulikana mpaka Uppsala.

Nikamfuata kwa unyenyekevu. Sukuma wiki ina nyama?

"Haina, Ephraim, hiyo ni mboga tu. Nimeweka tu kanyama kadogo ya kuipatia harufu."

Na maharage?

"Nilichemsha na mifupa, lakini mifupa si nimetoa!"

Pilau? Akaniambia nichague wali, nyama niiache pale, kwani ina miguu itanifuata? Thomas akaja na paja la kuku akinihakikishia mbele ya watu kwamba kuku si nyama. Ukumbi ukacheka. Gaudiosa hakucheka.

Nikapakua wali mweupe na kachumbari. Nikatafuta pa kusimama ambapo sitaulizwa, nikajikuta karibu na makoti. Wakanifuata huko huko. Watu kumi na mmoja wameniuliza naumwa nini. Wa mwisho akaniuliza, kwa sauti ya kila mtu kusikia, kama ni minyoo. Sijui kwa nini hilo liliniingia. Kachumbari ilikuwa na pilipili nyingi, labda ni hiyo.

Zamani Rebecka alikuwa akija kwenye sherehe hizi. Alisimama hapo hapo, karibu na makoti, na sahani hiyo hiyo. Mimi nilidhani anapenda kuwa karibu na mlango. Mwaka wa tatu sasa haji.

Niliipiga picha sahani. Nikaituma bila neno. Naye akajibu bila neno, moyo mmoja mwekundu.

Kisha nikaenda kwenye koti langu nikafungua kikasha cha miwani. Hapana, njaa haikuwepo. Ilikuwa huzuni.

Jumapili, 16 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Nianzie kwenye ushindi. Rebecka alikuja mchana, tukaenda wote watatu kwenye mkahawa mmoja mdogo, nikala supu ya maharage meusi, mlo wa saba. Tuliporudi nyumbani akafungua kompyuta mezani. Akasema hakutegemea. Akasema picha ya jana, ile ya wali, aliitazama muda mrefu. Akaanza kutafuta tiketi. Watatu! Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake nikiona neno Bukoba kwenye kioo, na moyoni nampigia Melchior ngoma.

Hapo simu ikalia. Kila Jumapili jioni Brigitha, binti wa dada yangu, hutupigia akimshikia Mama simu ya picha. Mama akatokea, kitambaa kichwani, karibu mno na kamera kama kawaida, jicho moja na nusu ya pua. Akatusalimu wote. Kisha akauliza, "Mjukuu wangu, kopo langu ulilionaje?"

Rebecka akauliza kopo gani.

Kimya. Kimya cha Kiswidi, ndani ya nyumba ya Wahaya.

Gaudiosa akainuka. Akaenda kwenye friza, akasogeza mchicha, akarudi na kopo. Alilitikisa tu, karibu na simu. Manyunyu yale hayakuwepo tena. Matone tu. Akafungua akahesabu kwa sauti: sita.

Rebecka akasoma plasta. Jina lake. Akaisoma tena. Akaniuliza, bila kupandisha sauti, lini. Nikaeleza. Ilianza Jumanne. Treni. Shimo la lifti. Nikamwomba aelewe kwamba kwa sheria za kwetu senene hana damu, hata katekista Anicet alisema.

Mama akasema kwenye simu, "Anicet alikuwa mlafi."

Basi. Imani ya miaka hamsini, maneno matatu.

Halafu Rebecka akamwuliza Bibi yake, kwa Kiswahili chake kinachotembea pekupeku kwenye kokoto, kwa nini amtumie yeye, ilhali anajua hali vitu hivyo. Mama akasema anajua. Yule mbuzi hamsahau, na ile ya minyoo hakuiamini hata siku moja, aliona mtoto ni mzima, baba ndiye mgonjwa. Lakini alitaka katika wanawake wa nyumba yetu awepo mmoja wa kupewa kopo lake mwenyewe, lenye jina lake. Ale, amwage, shauri yake. Enzi zao mwanamke alinyonyoa tu. Akionja, waliambiwa, atazaa mtoto mwenye kichwa kilichochongoka. "Nimenyonyoa miaka sabini," akasema. "Sijaonja hata mmoja. Siku hizi wanasema ruksa, lakini mdomo umeshazoea kufungwa."

Nikatazama mikono yangu. Kucha safi.

Rebecka akasogea karibu na simu. Basi Bibi siku hizo ulikula nini? Ndizi na maharage. Na yai? Mayai nayo hatukupewa. Na kuku? Akh, kuku! Rebecka akasema kitu kwa Kiswidi, polepole, Gaudiosa akamtafsiria Mama kwa Kihaya: anasema wewe ni kama yeye, na kwamba huko kula kwenu watu wa hapa wanakuita vegan.

Mama akacheka mpaka simu ikamponyoka Brigitha, tukaona dari, tukaona kuku akipita. Aliporudi alikuwa anafuta macho. "Kumbe kuna jina?"

Hukumu ilitoka hivi. Nimeshindwa, tena nimeshindwa vibaya, kwa wizi juu ya udanganyifu. Lakini Rebecka anakwenda. Haendi kwa ajili yangu, nisijidanganye. Anakwenda kukaa na Bibi. Mama akasema karibu, ila tatizo msimu bado unaendelea na vidole vyake vinauma, nani atanyonyoa? Brigitha ana mitihani. Rebecka hanyonyoi kiumbe yeyote. Gaudiosa akasema yeye atakuwa likizo. Wanawake wanne wakanitazama, wawili chumbani na wawili kwenye simu.

Mama akauliza kama Ephraim anajua kunyonyoa. Nikasema naam, nimetazama tangu utotoni.

"Hujawahi kutazama," akasema Mama. "Ulikuwa unakula."

Kwa hiyo Desemba nitaketi mkekani, mimi na ungo. Akitaka kuonja, Mama ndiye wa kwanza. Mimi sionji hata mmoja. Tangu kupanda ndege mpaka kurudi, nakula kama Rebecka. Tiketi zimekatwa. Watu watatu, tarehe kumi na tatu. Macho yakanitoka maji kidogo, nikasema ni kitunguu. Hakuna aliyekuwa anapika.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimepiga picha tiketi na kuiweka kwenye uso wa simu. Nami sasa natazama saa kila dakika kumi. Leo Melchior kasema, "Sawa, muzee, nimeona." Masanduku bado nabeba mimi. Mapatano ni mapatano, anasema, mpaka tarehe thelathini.

Nimepata wazo la kazi ile ya mkekani. Mashine! Feni ndogo ya lifti, bomba la kifyonza vumbi, na wavu. Mabawa yanaruka kushoto, senene anaanguka kulia. Nimeijaribu sebuleni kwa majani makavu ya chai. Feni ina nguvu kuliko nilivyokadiria. Pazia la Gaudiosa lilikuwa la zamani hata hivyo. Nimemwomba basi aniandikie cheti kwamba vidole vyangu vina baridi yabisi. Ameniuliza tangu lini. Nikasema tangu Jumapili. Ameenda kazini bila kuaga.

Kwenye ndege nimejiandikisha chakula cha vegan. Kwa heshima ya makubaliano. Pia, Thomas ananiambia, wenye chakula maalumu huhudumiwa kwanza, na ukimaliza mapema wenzako ndiyo kwanza wanafungua vya kwao. Mtu akibakiza kuku, ni vibaya kutupa chakula. Na kikasha cha miwani nimenunua kingine, kikubwa zaidi.

Kopo lile Rebecka amesema anakwenda nalo Bukoba. Anataka kumrudishia Bibi mkononi, wakae wawili, wafungue, Bibi aamue. Jana usiku wa kuamkia leo lilikuwa bado kwenye friza yetu, asubuhi amepita kulichukua. Wale sita.

Watano. Mmoja alikuwa amevunjika shingo, safari ndefu hivyo asingeiweza. Nilimkagua kwanza chini ya taa, kwa haki kabisa, upande huu na upande huu. Miguu haikuwepo. Magoti hayakuwepo. Kwa sheria ya Melchior mwenyewe, yule hakuwa nyama.